Moto Ndani ya Nyumba: Neno "Edify" na Swali la Fasihi Inayojenga

Neno la Kiingereza "edify" lina hatima ya ajabu. Kwa karne nyingi lilikuwa miongoni mwa maneno mazito ya lugha hiyo, likitumika makanisani, katika wosia wa wazazi na katika dibaji za vitabu kueleza kazi ya kumfanya mtu awe bora kuliko alivyokuwa. Leo msomaji wa magazeti ya Uingereza hulikuta mara nyingi likiwa na kikanushi. Wabunge wakizomeana, au mabwana wawili mashuhuri wakitupiana matusi mahakamani, mwandishi huandika kwamba mandhari ile ilikuwa "unedifying", na kila mtu huelewa. Bali akitokea mtu kusifu riwaya kwa kusema kwamba ni "edifying", msikilizaji hutabasamu kidogo na kudhani kwamba kitabu kinachosifiwa kinachosha. Neno lililoundwa kutaja wema sasa linaishi kwa kukanushwa au kwa kejeli.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wanahistoria wa Kiingereza kama si ukweli kwamba uhakiki wa Kiswahili unatumia kila siku neno lililo ndugu wa hilo. Husemwa kwamba fasihi hujenga jamii, kwamba mwandishi fulani anajenga maadili ya vijana, kwamba hadithi isiyojenga haifai kupewa mtoto. Mwanafunzi wa sekondari anapoulizwa ujumbe wa tamthilia hujua kabla hajaifungua kwamba jibu linapaswa kuanza na maneno ya kujenga. Kitenzi ni kimoja, sitiari ni moja, na sehemu ya historia yake ni ya pamoja. Kwa hiyo kilichoipata "edify" katika Kiingereza kinaweza kuwa onyo, na huenda pia kikaonyesha njia ambayo Kiswahili bado hakijaipoteza.

Asili ya neno iko katika Kilatini, "aedificare", yaani kujenga. Kitenzi hicho kimeunganishwa kutokana na "facere", kufanya, na "aedes", nomino ambayo katika umoja ilimaanisha hekalu na katika wingi ilimaanisha nyumba ya kuishi watu. Kutokana na nomino hiyohiyo Warumi walimpa jina afisa aliyesimamia majengo ya umma, masoko na michezo ya mji wao, "aedilis". Lakini chini ya hekalu na nyumba wanaisimu wameona tabaka la zamani zaidi. Mzizi wa "aedes" ni mzizi wa kuwaka. Ndio uliozaa kitenzi cha Kigiriki "aitho", nawasha, na katika Kilatini "aestas", majira ya joto. Kabla ya kuwa kuta na paa, "aedes" ilikuwa mahali pa moto. Watu walikoka moto kwanza, wakauzunguka, kisha wakauwekea kuta ili upepo usiuzime.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana juu ya jambo hili. Mwanamume aliyeoa husemwa kwamba amepata jiko. Usemi huo una matatizo yake, na wanawake wengi wamekwisha kuyataja, lakini unashuhudia fikra ileile ya kale: nyumba haiwi nyumba kwa sababu ya kuta, huwa nyumba pale mafiga yanapowekwa na moto ukawashwa. Mtu anaweza kumiliki jengo la ghorofa tatu na bado akaambiwa hana nyumba.

Kutoka Kilatini neno lilipitia Kifaransa cha kale, "edifier", likaingia Kiingereza katika karne ya 14 likiwa na maana zote mbili. Mtu aliweza "kuedify" ngome, na aliweza "kuedify" roho ya jirani yake. Mshairi Edmund Spenser, mwishoni mwa karne ya 16, bado aliweza kulitumia kwa majengo ya mawe. Baadaye maana ziligawana mali. Jengo lenyewe lilibaki na nomino "edifice", na kitenzi kikaachiwa roho peke yake. Tangu hapo Mwingereza wa kawaida aliyesikia "edify" hakusikia tena nyundo wala matofali. Sitiari ilikuwa imefungiwa ndani ya neno, na ufunguo wake ulikuwa Kilatini, lugha ambayo wengi hawakuijua.

Lakini maana ya kiroho haikubuniwa na Waingereza wala na Warumi wa kale. Ilitoka katika Kigiriki cha Agano Jipya, hasa katika nyaraka za Paulo, ambaye alitumia kitenzi "oikodomein", kujenga nyumba, kueleza wajibu wa waumini kwa wenzao. Katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa katikati ya karne ya kwanza, neno hilo ndilo kipimo kikuu. Mabishano yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu: wenye elimu walijua kwamba sanamu si kitu, hivyo wakala bila wasiwasi, huku wenzao wenye dhamiri dhaifu wakikwazika. Paulo akapambanua kati ya ujuzi unaomvimbisha mwenyewe na upendo unaojenga. La pili lilihusu kunena kwa lugha zisizoeleweka. Paulo hakukataza, ila alisema kwamba anenaye hivyo hujijenga mwenyewe tu, ilhali anayesema maneno yanayofahamika hulijenga kusanyiko. Kwa hiyo tangu mwanzo kitenzi hiki kilikuwa na sharti: hakuna kumjenga mtu kwa maneno asiyoyaelewa.

Kuna jambo jingine katika waraka huo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Akiendelea na suala la nyama, Paulo anauliza ingekuwaje mtu dhaifu akimwona mwenye elimu ameketi kula katika hekalu la sanamu. Dhamiri yake, anasema, "itajengwa" hadi ale kinyume na imani yake, na hivyo aangamie. Kitenzi ni kilekile. Paulo anakitumia kwa kejeli chungu: hili nalo ni jengo, lakini ni jengo la maangamizi. Watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambao mistari michache juu yake walikuwa wametumia "edify", hapa walibadilisha neno na kuandika kwamba dhamiri itatiwa ujasiri. Kejeli ikapotea. Msomaji wa Kiingereza akabaki akidhani kwamba "edify" ni neno lisiloweza kukosea, kwamba kila linapotajwa basi wema umetendeka. Paulo alijua vingine. Kujenga ni kazi ya mikono tu. Jema au baya hutegemea kinachojengwa na atakayekaa ndani yake.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walifanya uchaguzi ambao, kwa mtazamo wa lugha, ulikuwa wa busara. Hawakutafuta neno la kitaalamu. Katika tafsiri ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, upendo wa Paulo hujenga kwa kitenzi kilekile kinachotumiwa na fundi mwenye bilauri ya maji na mwiko mkononi. Hivyo Kiswahili kikapata kile ambacho Kiingereza kilikuwa kimekipoteza: neno la maadili lenye vumbi la saruji. Waingereza wenyewe walikuja kuuona upungufu wao, na tafsiri zao za katikati ya karne ya 20 zikaanza kuiacha "edify" na kusema waziwazi kwamba upendo unajenga.

Uchovu wa neno hilo haukuanza na watafsiri. Ulianza pale wema ulipokuwa bidhaa ya mtu mmoja kumpelekea mwingine. Katika riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, "Pride and Prejudice", kasisi Collins anaombwa awasomee jioni mabinti wa nyumba aliyotembelea. Anakataa riwaya kwa mshtuko na kuchagua mahubiri ya James Fordyce kwa wanawake vijana, kitabu kilichotoka mwaka 1766. Hajamaliza kurasa tatu kabla ya binti mdogo kumkatiza kwa habari za wanajeshi. Austen haelezi lolote zaidi, wala hana haja. Collins ana kila kitu ambacho "edify" ilidai: kitabu chema, sauti ya taratibu, nia njema. Alichokosa ni mtu wa kujengwa. Mbele yake wameketi wasichana watano wenye akili tofauti, na yeye anawaona kama kiwanja kitupu.

Wanafalsafa nao waliliona tatizo hili kwa macho mawili tofauti. Katika dibaji ya "Fenomenolojia ya Roho" ya mwaka 1807, Hegel alionya kwamba falsafa ijihadhari na tamaa ya kutaka kuwa ya kujenga roho, kwa maana aliona kwamba wanaotafuta faraja ya namna hiyo hukimbia kazi ngumu ya dhana. Søren Kierkegaard, Mdenmaki aliyemsoma Hegel kwa makini na kumpinga kwa makini zaidi, akafanya kinyume. Kati ya mwaka 1843 na 1844 alichapisha mikusanyo ya hotuba na kuziita "opbyggelige", za kujenga. Na katika kitabu chake cha mwaka 1847 kuhusu matendo ya upendo aliuliza swali la kifundi: kujenga hutofautianaje na kuongeza? Anayeongeza chumba juu ya paa hajajenga nyumba. Kujenga ni kuinua kutoka katika msingi. Kisha akauliza msingi wa mtu mwingine ni nini, na nani awezaye kuuweka. Jibu lake ni kwamba hakuna binadamu awezaye kuweka upendo ndani ya moyo wa mwenzake. Anachoweza ni kuamini kwamba upo tayari, na kumtendea kana kwamba upo. Mjenzi wa kweli huanza kwa kudhani kwamba msingi umekwisha kuwekwa.

Hoja hiyo inamgusa mhakiki kwa karibu. Ikiwa Kierkegaard ana haki, basi maandishi yanayomchukulia msomaji kuwa shimo la kujazwa kifusi hayajengi, hata yakiwa na mafunzo elfu. Yanajenga yale yanayomheshimu msomaji kama mtu ambaye tayari ana kitu ndani yake. Inafaa kukumbuka pia kwamba watafsiri wa Kiingereza wa hotuba hizo walitofautiana. Tafsiri ya David Swenson na wenzake, ya miaka ya 1940, ilitumia "edifying". Ile ya Howard na Edna Hong ya mwaka 1990 iliona neno hilo limechakaa mno, ikatengeneza jingine lililo karibu na kujenga kwa maana ya wazi. Richard Rorty, kwa upande wake, alilifufua neno kuukuu mwaka 1979 na kuliita la kujenga lile tawi la falsafa linaloyaweka mazungumzo hai badala ya kuyafunga kwa jibu la mwisho. Alilitumia akijua kwamba linanuka unafiki, na akalipa kazi nyingine.

Kuyafunga mazungumzo ndilo jambo la kuangalia sasa katika Kiswahili. Baada ya uhuru, kitenzi "kujenga" kilipandishwa cheo. Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Kenya nayo, kwa wito wa harambee, ililifanya jengo la taifa kuwa wajibu wa kila raia, mara nyingi kwa maana halisi ya kubeba mawe ya shule na zahanati. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotangazwa, washairi waliitikia. Mathias Mnyampala alikuwa ameipa sura utanzu wa ngonjera, ushairi wa majibizano, na mikusanyo yake ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya kifo chake, ikiwa na jina la chama cha washairi, UKUTA. Kifupisho hicho kinasimamia usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania. Lakini hakuna sikio la Kiswahili lisilosikia pia kile kinachosimama kati ya vyumba viwili.

Haifai kuidharau ngonjera. Ilifikisha hoja za siasa kwa watu wasiosoma magazeti, watoto waliikariri kwenye viwanja vya shule, na ustadi wake wa vina ulikuwa wa kweli. Udhaifu wake uko katika muundo wa majibizano. Kwa kawaida kuna mmoja anayeshuku na mmoja anayejua. Mwenye shaka huuliza vizuri, mwenye kujua humjibu vizuri zaidi, na ubeti wa mwisho huwakuta wote wawili wamekubaliana. Shaka imeingizwa kwenye shairi ili ishindwe. Hapo kitenzi "kujenga" kinaanza kuelekea kule ilikokwenda "edify": kinataja kazi ya mtu anayejua juu ya mtu asiyejua, na matokeo yake yameamuliwa kabla ya mdomo kufunguliwa.

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha "Rosa Mistika". Ni riwaya ya msichana wa Ukerewe ambaye baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, anamlinda dhidi ya wavulana kwa fimbo na vitisho. Rosa anakua bila kujifunza chochote isipokuwa hofu. Anapotoka nyumbani na hofu ikakosa mlinzi, hana kitu kingine cha kumwongoza, na safari yake inaishia katika kujiua. Kitabu hicho kilizuiliwa kwa muda shuleni kwa sababu ya uwazi wake juu ya mambo ya mapenzi. Kilionekana hakijengi. Miaka ikapita, kikarudi madarasani, na kikawa miongoni mwa riwaya zinazosomwa sana katika lugha hii.

Hukumu ile ya mwanzo inastahili kuchunguzwa kwa haki. Waliokizuia hawakuwa wajinga. Walikuwa na wajibu kwa watoto wa watu, na walisoma walichokisoma: msichana anaanguka, na mwandishi hageuzi uso. Lakini walimtazama Rosa, hawakumtazama Zakaria. Riwaya yote ni uchunguzi wa namna moja ya kujenga tabia, ile inayosimamisha kuta ndefu kumzunguka mtoto na kusahau kuwasha moto ndani. Zakaria anaamini kwamba anajenga. Kwa maneno ya Paulo, hilo nalo ni jengo, na Rosa anajengwa hadi anaangamia. Kumbe kitabu kilichodaiwa kutojenga kilikuwa kikiuliza swali ambalo kila anayedai kujenga anapaswa kuulizwa. Waliokizuia walikuwa wametenda, kwa nia njema kabisa, kama baba aliyemo ndani ya kurasa zake.

Je, basi mila ya Kiswahili haina namna nyingine ya kuadilisha? Inayo, na ni ya zamani kuliko Jeshi la Kujenga Taifa na kuliko Biblia ya Muungano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi aliyeishi kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alitunga "Al-Inkishafi" akiwa na magofu ya Pate mbele ya macho yake. Jina lenyewe lina maana ya kufunuka, kuondolewa pazia. Shairi hilo ni miongoni mwa kazi zinazoadilisha kwa nguvu zaidi katika fasihi ya Kiswahili, na linaifanya kazi hiyo kwa majengo yaliyoanguka. Majumba yaliyong'aa kwa taa sasa ni giza. Vidaka vya ukutani vilivyochongwa kwa ajili ya vyombo vya thamani vinalala makinda ya ndege. Katika kumbi walimokaa wageni wanasikika wadudu. Hakuna tofali linalowekwa juu ya tofali. Msomaji anafundishwa kwa kuonyeshwa mahali ambapo moto ulikuwepo na sasa haupo.

La muhimu zaidi ni nani anayeambiwa maneno hayo. Mshairi hawaambii vijana, wala watu wa Pate. Anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukemea, anaubembeleza, anauliza kwa nini haujaamka. Msomaji hupata funzo kwa kusikiliza mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Hakuna Collins hapa, wala hakuna kiwanja kitupu. Kuna mtu mmoja anayekiri kwamba nyumba inayohitaji kujengwa ni yake.

Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa mwaka 1858, anafuata njia tofauti lakini iliyo jirani. Yeye anamwambia mtu mwingine, binti yake, na anamfunza mengi ambayo wasomaji wa leo, hasa wanawake, wameyakataa kwa hoja nzito, kama vile kipimo cha utiifu kwa mume. Hata hivyo tazama namna utendi unavyoanza. Mama ni mgonjwa. Anamwita binti asogee karibu, aje na wino na karatasi. Anayefunzwa ndiye anayeshika kalamu. Bila mkono wake hakuna utendi. Anayekubali au kukataa mafunzo ya Mwana Kupona hawezi kusema kwamba binti yule alihubiriwa kutoka mbali; alikaa ubavuni mwa mama anayejua kwamba siku zake zimehesabika. Joto hilo ndilo limeuweka utendi hai hata miongoni mwa wanaobishana nao.

Kiswahili kina pia mzizi mwingine wa kutaja kuboreka kwa mtu, nao ni wa Kiarabu: ule uliotupatia suluhu, maslahi na kitenzi "kusilihi". Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake Mombasa mwaka 1932 aliliita "Al-Islah", na jina hilo lina maana ya kutengeneza kilichoharibika. Tofauti yake na kujenga si ndogo. Anayejenga anaweza kudhani kwamba kiwanja kilikuwa kitupu kabla hajafika. Anayetengeneza lazima akubali kwamba kuna kitu tayari, kina thamani, na kimepata ufa. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta huchukuliwa kama ushauri wa kuokoa gharama. Inaweza kusomwa pia kama falsafa ya malezi: heri anayetazama ufa ulipo kwa mtu huyu mahususi kuliko anayekuja na ramani ya ukuta mzima.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Waswahili walio Muscat, London au Minneapolis. Mzazi aliye ugenini anayetafuta kitabu cha Kiswahili cha kumpa mwanawe hutafuta kwa kawaida kile "kinachojenga". Ana hofu halali: mtoto anapotea katika lugha nyingine, na kitabu ni kamba ya kumvutia nyumbani. Basi anachagua hadithi ambayo mtoto mtiifu anatuzwa na mkaidi anaumbuka, na mwishoni funzo limeandikwa ili lisikose kuonekana. Mtoto anasoma kurasa tatu, kama mabinti wa Austen, kisha anakatiza. Mzazi anahitimisha kwamba mtoto hakipendi Kiswahili. Inawezekana kabisa kwamba mtoto hakuchoka na Kiswahili. Alichoka na kutendewa kama asiye na kitu ndani yake. Huko shuleni, kwa lugha ngeni, anapewa vitabu vinavyomwachia aulize, na nyumbani, kwa lugha ya mama yake, anapewa majibu. Baada ya miaka kumi lugha moja itakuwa ya kufikiria na nyingine itakuwa ya kukemewa. Hiyo ni hasara ambayo hakuna idadi ya mafunzo itakayoifidia.

Uhakiki una sehemu yake katika hasara hiyo, kwa sababu ndio uliowazoesha walimu na wazazi kuuliza ujumbe kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Si lazima neno "kujenga" litupwe. Kiswahili kina bahati ya kulisikia bado lilivyo, na udongo wake na jasho lake, na lugha isiyokuwa na neno la kutaja kuboreka kwa mtu ni lugha maskini. Kinachotakiwa ni kulirudishia ugumu wake. Mhakiki anayeandika kwamba kazi fulani inajenga aeleze inajenga nini, nani atakaa humo, nani ameachwa nje, na kama aliyekusudiwa kujengwa ameshirikishwa hata kwa kushika kalamu. Aeleze pia kama kuna moto ndani. Nyumba njema si mlango, wamesema wahenga. Fungua uingie ndani. Waingereza walikuwa na neno zuri, wakalipamba mlango kwa karne nyingi, na siku walipofungua wakakuta jiko limepoa.